Mwaka wa Kumvusha Limi

Simu ya Minza ilinikuta nachambua mchele. Alisema, "Nesi, mayu katutoka," nami nikakaa chini pale pale na ungo wangu mapajani. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na kati yangu na Minza neno hilo lilikuwa la mtu mmoja tu: mkwe wake, Mama Masanja, mwanamke aliyenifundisha kazi ambayo nilikuwa nimeshapewa cheti chake. Kesho yake nilipanda basi Kahama, nikashuka Masumbwe, nikatafutiwa pikipiki ya kunifikisha kijijini, mimi na magoti yangu ya miaka sitini na mitatu. Kijiji sikitaji jina. Wenyewe wakisoma watakijua. Tulimzika saa nane mchana, jua limesimama, saa ambayo yeye alipokuwa hai asingeruhusu hata mbuzi atembee. Kijana mmoja kutoka ofisi ya kata alisimama na karatasi akasoma kwamba marehemu alikuwa mkunga na mganga wa jadi aliyeshirikiana vizuri na wataalamu wa afya. Nilijifunika kanga usoni. Watu walidhani ninalia, na kweli nilikuwa nalia, lakini kicheko nacho kilikuwemo, maana mtaalamu mwenyewe aliyekuwa akisemwa ni mimi, na miezi yetu ya kwanza pale hatukuwa tukipeana hata salamu iliyokamilika.

Nilipelekwa kijijini hapo mwanzoni mwa miaka ya themanini, nina miaka ishirini, mhudumu wa afya katika zahanati ya vyumba vitatu. Watu waliniita nesi nami sikuwasahihisha. Chumba changu kilikuwa nyuma ya zahanati: ukuta wa matofali ya udongo, kitanda cha kamba, ndoo yenye mfuniko, na paa la bati lisilo na dari. Ikikaribia saa sita bati lilianza kulia, ka, ka, ka, likijinyoosha kwa joto, na usingizi wa mchana ukawa ndoto ya watu wengine. Asubuhi nilitafuna michembe, yale mapande ya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, pamoja na karanga za kuchemsha. Mchana na jioni ulikuwa ugali wa mtama na mlenda, na siku njema ikipatikana kibuyu cha maziwa mgando. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, ila vilikuwa vimeondoka na vitu: sabuni, mafuta ya taa, kanga, na zaidi ya vyote sukari. Duka la kijiji lilikuwa na rafu safi kuliko duka lolote nililopata kuliona, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuzichafua. Sisi watumishi tulikuwa na mgawo wetu, robo kilo ya sukari, mwezi ukipenda. Waliokuwa na ndugu machimboni, Rwamgasa na kwingine huko Geita, walikuwa wakisema sukari haijaisha duniani. Penye dhahabu vitu vilifika, kwa njia zake, na aliyeuliza sana njia hizo hakualikwa chai.

Niliingia na magauni mawili ya nailoni, rangi ya maziwa, yenye kola pana. Nailoni ilikuwa maendeleo. Haikunjamani, haipigwi pasi, na ukitembea inameremeta kiasi kwamba mgonjwa akikuona kwa mbali anajua serikali inakuja. Septemba ilipoingia nikaanza kutokwa na vipele vya joto, kutoka shingoni hadi kiunoni, na kila baada ya siku mbili pua inatoka damu. Nikajipaka losheni ya rangi ya waridi ya zahanati, nikalaza kichwa nyuma kama tulivyokuwa tukifanya shuleni, na kumeza damu kwa ujasiri mkubwa. Dirisha la chumba cha sindano lilikuwa juu ya benchi la wagonjwa, na wanawake waliokaa pale walidhani dirisha linasikia upande mmoja tu. "Nesi wetu anajikuna kuliko wagonjwa," nilimsikia mmoja akisema. Mwenzake akamjibu, "Si hilo gauni? Mama Masanja anasema kajifunga ndani ya mfuko, anajichemsha." Wakacheka mpaka mtoto mmoja akaanza kulia. Nilikuwa na bomba la sindano mkononi, na namshukuru Mungu hapakuwa na mtu wa kuchomwa.

Jioni hiyo hiyo Mama Masanja alikuja mwenyewe. Nilimjua kwa sura: mrefu, mkavu, anatembea na fimbo asiyoihitaji. Nilimhesabu miongoni mwa vikongwe, kumbe hakuwa hata amefika hamsini. Alisimama mlangoni na tita la majani ya mwarobaini kwapani.

"Mwadila, nesi," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mama. Una shida gani?"

"Mimi sina shida. Mwenye shida ni wewe."

Akaniambia niyachemshe yale majani, niache maji yapoe, nijimwagie kabla jua halijazama, na nisijifute. Mwili ukauke wenyewe kwa upepo. Gauni la nailoni nilitundike ukutani wageni walitazame, mimi nivae pamba iliyofuliwa mara nyingi. Nisijikune. Pua ikitoka damu nikae, niinamie mbele, niibane kwa vidole na kupumua kwa mdomo. "Ukiangalia juu utaimeza," alisema. "Ukiimeza utaitapika, halafu utasema umelogwa, utatusumbua." Kisha akaondoka bila kusubiri asante. Baada ya siku nne ngozi yangu ilikuwa imetulia, na pua nayo. Katika daftari la zahanati, kwenye jina langu, niliandika kwamba nimepona kwa losheni. Sijui kwa nini naikumbuka aibu ya mstari ule kuliko dhambi nyingine kubwa nilizotenda baadaye.

Kuanzia hapo nikawa namtazama, kwa wizi. Watu walidhani mganga ana mizizi tu. Yule sehemu kubwa ya uganga wake ilikuwa makatazo. Kiangazi cha kwetu ni kirefu. Mto unakauka, watu wanachimba visima kwenye mchanga wake, maji yanachungulia meupe kama yaliyooshewa mchele. Mama Masanja alitaka maji yatekwe alfajiri kabla ng'ombe hawajafika, yachujwe kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, ya watoto wachanga yachemshwe, na mtungi usiachwe wazi wala kata isiwekwe chini. Wafyatua matofali aliwalowekea ukwaju, akautia chumvi kidogo, akawakataza kunywa kwa pupa. Mtoto mwenye macho mekundu alioshwa kwa maji yake na kitambaa chake, si kile cha kaka yake. Saa sita hadi saa tisa hakuna safari. Mwanzoni niliuita uvivu wa kijiji kizima. Na mama anayenyonyesha akitoka shamba, hakuruhusiwa kumpa mtoto ziwa papo hapo, eti maziwa yamechemka kwa jua. Lazima akae kivulini, anywe maji vikombe viwili, ajifute kifua, ndipo aite mtoto wake. Nililicheka jambo hilo la maziwa kuchemka. Leo najua maziwa hayachemki, na najua vilevile kwamba hakuna cheti chochote kilichowapatia wanawake wale nusu saa ya kukaa na kunywa maji, isipokuwa yeye.

Tulipotengana ni utosini. Mtoto akihara sana kiangazini, utosi unabonyea. Kwetu sisi wa zahanati hiyo ni dalili kwamba mwili umeishiwa maji. Kwake yeye utosi ulikuwa ugonjwa wenyewe, na dawa yake ilikuwa majani yaliyochomwa yakachanganywa na samli, kitu cheusi, anakipaka pale juu. Nilisema hadharani kwamba ni ujinga. Maneno yakamfikia kabla sijamaliza kuyasema, na ndipo salamu zetu zikaanza kukatika.

Minza alikuwa mkwe wake, na alikuwa rika langu. Nyumba yao ilikuwa karibu na zahanati, vyumba viwili na ua wa miti ya minyaa. Masanja, mumewe, alikuwa Rwamgasa akichimba. Alikuja mara chache, vumbi jekundu kwenye nyusi, akalala siku tatu na kurudi. Minza alikuwa mcheshi, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, anayeimba anapotwanga. Lakini alikuwa amezika watoto wawili. Wa kwanza aliondoka Septemba, wa pili Oktoba ya mwaka mwingine, wote kwa kuhara, wote kabla ya mvua kunukia. Mwaka ule nilipofika alikuwa na wa tatu, msichana aliyezaliwa Februari. Mama Masanja ndiye aliyempa jina. "Tumwite Limi," alisema, na Limi ni jua. "Labda litaona haya kumchukua wa jina lake." Kiangazi kilipokolea mtoto alikuwa na miezi saba, na kijiji kizima kikawa kinahesabu. Wanawake wakikutana na Minza kisimani hawakuuliza kama mtoto hajambo. Waliuliza, "Amefika wapi?" kana kwamba anavuka mto. Na yeye alijibu, "Yuko katikati." Kazi ilikuwa moja, nasi sote tuliijua: kumvusha Limi mpaka mvua.

Oktoba ilipoanza Limi akaanza kuhara. Haikuwa kali, ilikuja na kuondoka, wakasema ni meno. Mimi sikukubali meno. Nilikwenda nyumbani kwa Minza na chupa mbili za bia nilizoziomba kilabuni, nikampa somo nililofundishwa: chupa mbili za maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, onja, isizidi chumvi ya machozi. Umpe kidogo kidogo, kila anapoharisha, na ziwa usilikatize. Minza alirudia somo lote bila kukosea. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Na sukari, nesi?" Nikarudi chumbani kwangu nikachukua mkebe wangu wenye mgawo wa mwezi mzima, nikampa wote. Nilijiona mtakatifu. Nilitembea kurudi kwangu nikiwa na hakika kwamba Mbinguni wameshaandika, na kuanzia siku hiyo nikanywa chai yangu chungu, nikiikunjia uso kwa raha ya mtu anayejinyima.

Kila siku saa kumi, zahanati ikifungwa, nilikwenda kumtazama. Minza alikuwa amenisikia hata kabla sijabisha. Mkeka tayari umetandikwa, kigoda kimefutwa. Chumba chao cha mbele kilikuwa na ubaridi wake, sakafu imesiribwa kwa samadi, kwenye ukuta kalenda ya mwaka uliopita yenye picha ya trekta. Na chai. Chai ya mchaichai katika kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, tamu, tamu kweli, inanata midomoni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema kila aliponipa. Siku ya kwanza nilishangaa. "Masanja ametuma?" nikamuuliza, maana Masanja alikuwa machimboni, na machimboni sukari ilikuwepo. Alitabasamu. "Kunywa, nesi, itapoa." Nikalichukua tabasamu lile kuwa ndiyo. Sasa ninavyoandika daktari amenikataza sukari kabisa, na vidonge viko hapa mezani, lakini nikifumba macho naipata ladha ya chai ile. Tulizungumza. Alinisimulia wanaume wa machimboni wanaolala na jembe, nami nikamsimulia shule. Chupa za bia zilikuwa juu ya stuli, moja imejaa, moja nusu. "Anakunywa?" niliuliza. "Anakunywa kidogo, halafu anageuza uso." Nilimwambia avumilie, watoto ndivyo walivyo. Sikuionja. Nesi wa kweli angeionja. Mimi nilikuwa na utamu mdomoni, nikaaga, nikarudi.

Siku ya tisa Minza alikuja zahanati saa saba mchana, anakimbia, bila kanga ya kichwa, katika jua ambalo mkwe wake alikuwa amemfundisha kuliogopa kuliko nyoka. Nilitoka nikamfuata. Limi alikuwa mapajani mwa Mama Masanja, na nilipomwona nilijua. Macho yalikuwa yamezama, mdomo umekauka, nilipofinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama. Alikuwa akitoa sauti ya paka mdogo. Mganga mkuu wa zahanati yetu alikuwa amekwenda wilayani kufuata dawa. Dripu hatukuwa nayo hata moja. Hospitali ilikuwa mbali, na lori lililopita kijijini lilikuja siku ya gulio, siku mbili mbele. Utosini mwa mtoto ile dawa nyeusi ilikuwa imeshapakwa, mbichi, inang'aa. Hofu ikanigeuka hasira.

"Mama, ondoa hiyo takataka kwenye kichwa cha mtoto!"

Nilimwambia hivyo mwanamke wa umri wa mama yangu, ndani ya nyumba ya mwanawe, mbele ya mkwe wake. Aliweka kibuyu chake chini taratibu.

"Takataka yangu haijamuumiza. Ya kwako je?"

"Yangu ni maji na chumvi na sukari. Ndiyo dawa. Angeinywa asingefika hapa."

"Sukali?" Lugha yake haikuwa na herufi r. "Sukali gani? Sukali si unakunywa wewe?"

Minza aliziba uso kwa mikono yote miwili. Niliiendea stuli, nikachukua ile chupa, nikaweka tone kwenye ulimi. Chumvi. Chumvi na maji, basi. Niliufungua mkebe wangu. Chembe chache zilikuwa zimenata pembeni. Siku nane nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kile, nikisifu chai, nikinywa dawa ya mtoto.

"Nilidhani ndiyo malipo yako," alisema Mama Masanja, na kitu kilichoniumiza zaidi ni kwamba hapakuwa na kejeli ndani yake. "Mimi mtu akiniita hunipa kuku. Mwingine hunipa mtama. Wewe nikaona unapewa chai kila siku. Nikasema, haya, waganga wa selikali nao wana mwiko wao, tusiwaingilie."

Nimeona haya mara nyingi maishani, lakini zile ziliniwasha masikio. Nilitaka kukimbia. Nilitaka, Mungu anisamehe, kumgombeza Minza. Badala yake nikapiga magoti kwenye ile sakafu, nikasema, "Mama, nisaidie. Chumvi peke yake haifai, na hana nguvu ya kuinywa. Nataka kitu kitamu kidogo, chepesi kama maji. Kuna nini kijijini humu?"

Halafu akamkabidhi Minza mtoto, akainuka bila fimbo yake. "Kimea," alisema.

Mama Masanja alikuwa mpishi wa pombe pia. Hakuna harusi wala mavuno yaliyopita bila mtungi wake. Kimea ni mtama ulioloweshwa ukachipua, ukakaushwa ukasagwa, nacho alikuwa nacho kibuyu kizima. Aliinjika uji wa mtama, mzito, ukachemka sana. Akauepua, akausubiri upungue moto mpaka kidole kikavumilia, ndipo akakoroga kimea kijiko kimoja. Nilikuwa nimesoma vitabu vya lishe na sikuwa nimeona jambo lile: uji ulilegea mbele ya macho yangu, ukawa maji, kijiko kikawa kinaelea bila kazi. Nilionja, ulikuwa mtamu. "Sasa tuuchemshe tena," nikasema, "kwa ajili ya vijidudu." Akaniambia, "Siku zote huchemshwa tena. Ulidhani mimi nalisha watoto pombe?" Nikapima chumvi mimi, akaonja yeye, akasema bado, nikaongeza punje, akasema basi.

Tulimpa kwa kijiko. Kijiko kimoja, tunahesabu hadi thelathini, kijiko kingine. Alitapika. Tukasubiri, tukaanza upya. Mama Masanja akamkalisha Minza chini, akamlazimisha vikombe viwili vya maji, akamfuta kifua kwa kanga mbichi, kisha akampa mtoto anyonye, na safari hii sikucheka. Ile dawa nyeusi utosini sikuifuta. Tulipokezana kijiko kila mkono ulipochoka, na maongezi yakaja yenyewe, maana huwezi kukaa kimya mchana kutwa na mtu mnayeshika naye kijiko kimoja. Aliniambia wale wawili wa kwanza aliwapaka dawa vizuri, kwa mkono ule ule, na waliondoka. "Mwaka ule wa pili nilitaka kuacha kazi hii," alisema. Aliyatazama magoti yake. "Lakini watu wanakuja. Utawaambia nini?" Nilimpa kijiko.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye minyaa Mama Masanja aliporuka. Alisimama na mtoto mikononi, akajitazama kanga, akaanza kupiga kelele kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili ili na mimi nisikose. "Kanikojolea! Minza, njoo uone, mwanao kanikojolea!" Mwili uliokuwa hauna maji ya kutoa ulikuwa umeyapata. Alitoka nje na ile kanga iliyolowana, akazunguka kwa majirani nyumba kwa nyumba, akiwaonyesha doa, mwanamke yule mkavu asiyecheka na watu. "Wabeja, Limi, wabeja!" Asante, alikuwa akimwambia mtoto. Mimi na Minza tulibaki ndani tukilia, bila kutazamana.

Tuliendelea na uji ule siku saba. Mvua ya kwanza ilinyesha Novemba, mchana, bati la chumba changu likapiga ngoma, nami nikatoka nje bila viatu na kwenda kwa Minza nimelowa, nikakuta ua umejaa wanawake. Limi alikuwa mgongoni mwa bibi yake, ametoa mkono nje ya kanga, anadaka maji. Kesho yake niliandika daftarini, kwa wino, "uji wa kimea na chumvi," na mbele yake nikaandika jina la Mama Masanja. Miaka baadaye waliletwa wakufunzi kutufundisha kwamba mtoto anayehara, sukari ikikosekana, anaweza kupewa uji mwepesi wenye chumvi. Nilikaa nyuma na kuandika kila neno kwa adabu.

Mchana wa mazishi, watu walipokwisha kula, Limi alikuja kunihamisha. Ana miaka arobaini na kitu, mnene wa kupendeza, sauti inafika kisimani. Ndiye aliyekuwa akiwaamrisha vijana wa masufuria. "Mama Nesi, usikae juani, bibi angekupiga," alisema, akanibeba kigoda hadi nyuma ya nyumba alipokuwa mama yake. Minza ana mvi zote sasa, meno yale yaliyoachana yamebaki matatu. Tulikaa. Tulikuwa tumeonana mara nyingi kwa miaka arobaini, kwenye ubatizo, kwenye harusi, kwenye mazishi ya Masanja, na sijawahi kumuuliza. Nadhani nilikuwa nikimwogopa Mama Masanja, kwamba angesikia.

"Sukari ile," nilimwambia. "Kwa nini ulinipa mimi?"

Hakuuliza sukari ipi. Alikuwa na nyasi mkononi, anaikunja.

"Wa kwanza alipougua, mtu wa zahanati alikuja mara moja, akasema nimpeleke hospitali, akaenda zake. Wa pili, niliita, hakuja mtu. Wewe ulikuja, ukakaa chini, ukamshika." Aliitupa ile nyasi. "Sikujua dawa ni ipi, nesi, kama ni sukari au ni wewe. Nikaona bora nikushike wewe. Na mgeni unamshika kwa nini, kama si kwa chai?"

"Ningerudi tu, Minza. Hata ungenipa maji."

"Ungerudi?"

Nilifungua mdomo niape. Kisha nikaikumbuka siku ya nne, au ya tano, saa kumi, joto limenilaza kitandani, miguu imevimba, nikajisemea leo siendi, mtoto ana mama yake. Na nikakumbuka kilichoniinua.

"Sijui," nilimwambia.

"Mimi nilijua," akasema Minza, akanishika mkono.